Morris, Baba Mkwe na Mguu Uliobaki Burma

Jumatatu, 26 Oktoba 1987

Mchwa wamemla baba mkwe mguu. Sitanii. Ule wa mbao, aliopewa aliporudi kutoka vita vya Burma, akautembelea kule kwao Usenge, kando ya ziwa, miaka nenda miaka rudi. Usiku mmoja aliuegemeza ukutani kama kawaida, asubuhi akaukanyaga, puu! Nusu nzima unga mtupu. Tangu hapo yuko Kisumu kwa magongo, anangoja mwingine.

Huo mwingine upo tayari. Nimeuona kwa macho yangu kwenye karakana ya miguu, umetundikwa msumarini, una goti linalokunja kama la binadamu. Ila haujalipiwa. Fundi amesema usipochukuliwa kabla ya gwaride la askari wa zamani, tarehe nane mwezi ujao, ataupunguza ampe mgonjwa mfupi. Na Mzee Obiero, ndiye baba mkwe, hajawahi kukosa kupita kwenye gwaride hilo. Mwaka huu wameshamtengea kiti. Amekasirika vibaya. Anasema hakupigana na Wajapani ili aje awekewe kiti.

Linaloniuma mimi ni jingine. Desturi yetu hairuhusu mzee kulala kwa mkwewe. Kwa hiyo analala kwa jirani. Na jirani ni nani? Gordon! Gordon wa Peugeot nyeupe. Gordon anayepiga viatu rangi hata siku ya kufua. Jana mchungaji alimsifu mbele ya kanisa zima kwa kumtunza shujaa wetu. Watu wote wakageuka kumtazama. Mimi niliyemwoa binti wa shujaa hakuna aliyenigeukia, isipokuwa mtoto mmoja, naye alikuwa anamtafuta mama yake.

Jioni Benta, mke wangu, akaleta omena, wale dagaa wa ziwani, zimefungwa kwenye gazeti. Nikalisoma likiwa bado linanuka. Wazungu huko kwao wameendesha magari ya kale nchi nzima, wakachangisha pesa za askari waliojeruhiwa. Nikaruka! Gari la kale ninalo. Shujaa aliyejeruhiwa ninaye. Kilichobaki ni nchi.

Jumatano, 28 Oktoba

Nimewatoa kuku ndani ya Morris. Gari ni la marehemu baba mdogo, limekaa nyuma ya nyumba hapa Migosi tangu afariki. Kuku wote wametoka isipokuwa mmoja mweupe, analalia mayai kiti cha nyuma. Amenidonoa kidole mpaka damu. Benta amesema kuku wake asiguswe mpaka aangue. Basi, atasafiri.

Fundi Idd ameifufua injini kwa dua na matusi. Kasoro ni ndogo ndogo tu. Gia zinazofanya kazi ni mbili. Honi ni bubu. Halafu ukizima taa za mbele na injini inazimika, eti nyaya zimeoana. Taa zitawaka mchana kutwa. Nimemwambia Idd hiyo si kasoro, ni heshima.

Kuhusu honi, nimempata Mzee Yahya wa mtaa wa Kaloleni. Alikuwa Burma pamoja na baba mkwe, akaacha jicho lake la kushoto huko huko. Bado ana tarumbeta la jeshi. Nimempa cheo cha Honi Mkuu. Ameniuliza, bwana mdogo, na breki je, ziko? Nikajitia sikusikia.

Tutaanzia Sondu, tumalizie Usenge, nyumbani kwa mzee. Pwani yote ya ziwa itanijua. Mimi ni mwenyekiti. Benta akauliza katibu ni nani. Mimi. Akauliza mweka hazina ni nani. Nilifungua mdomo, nikaona anavyonitazama, nikasema ni yeye.

Ijumaa, 30 Oktoba

Sondu. Afadhali nisiandike. Naandika.

Tulifika soko limejaa. Mzee Yahya akapiga tarumbeta, watu wakaja mbio. Nikapanda juu ya boneti na hotuba yangu. Niliitunga kwa Kiingereza, kwa sababu jambo zito linahitaji lugha nzito. Kufika katikati watu walikuwa wamebaki watatu, na mmoja wao alikuwa amekuja kuuliza bei ya kuku. Boneti nayo ikabonyea.

Mkebe wa biskuti niliouweka mbele ulipata vifungo viwili vya shati na senti kidogo za kuhurumia. Mama mmoja alimpa baba mkwe viazi vitamu. Mzee akala kimoja, akanyamaza, akatazama dirishani njia nzima. Sipendi anavyonyamaza. Heri angenitukana.

Rejeta ilichemka tukirudi, karibu na Ahero. Nani akapita? Gordon. Akashuka na dumu lake la maji, shati halina hata kunjo. Hakucheka. Ningemsamehe kama angecheka.

Jumapili, 1 Novemba

Nimefikiri kanisani, wakati wa mahubiri, ndipo ninapofikiri vizuri. Kosa la Sondu si hotuba. Kosa ni mapambo. Gari halikuvutia macho, na mkebe wa biskuti hauheshimiwi na mtu.

Tiba ya kwanza: pale boneti ilipobonyea nitafunga matawi mabichi, pamoja na kitambaa chekundu. Yatafunika kasoro na kupoza rejeta. Nani mwingine angewaza hilo?

Tiba ya pili: sanduku la mchango, kubwa, la kung'aa. Nimekwenda kwa Opiyo, seremala wa pale Kibuye. Ana moja safi kabisa, limepigwa vanishi, lina vishikio vya shaba pande zote. Aliyeliagiza alikuwa mgonjwa mahututi, akapona, sasa hataki hata kulisikia. Opiyo ananiachia kwa bei ya mbao. Aliuliza marehemu ana urefu gani. Nikamwambia ni la kutilia pesa. Akasema sawa, kila mtu ana namna yake ya kupokea msiba.

Najua watu watasemaje. Lakini jeneza lililotobolewa tundu juu si jeneza tena. Ni sanduku lenye tundu. Ndani nitaulaza ule mguu ulioliwa na mchwa, ili watu wauone kwa macho yao. Nitalipakia asubuhi ya safari pale pale kwa Opiyo. Benta hana haja ya kusumbuliwa na kila jambo dogo.

Jumanne, 3 Novemba. Bondo

Ushindi! Ushindi mtupu! Halafu kidogo si ushindi. Nianze mwanzo.

Tuliondoka Kisumu jua linachomoza. Baba mkwe alikuwa ameshalala kiti cha nyuma, blanketi usoni kwa ajili ya vumbi, kuku miguuni. Sanduku juu ya keria. Matawi mbele. Taa zinawaka. Mwendo wa pole, maana gia ni mbili. Mzee Yahya akapiga tarumbeta, ule mlio mrefu wa jeshini, wa kuhuzunisha. Kisha akaniuliza tunamzika nani. Nikamwambia haya ni mambo ya kisasa, yeye apulize tu.

Tulipokata kona ya Kisian magari yakaanza kutupisha. Lori la mchanga likaingia mtaroni kabisa! Wanaume kando ya barabara wakavua kofia. Kwenye kizuizi cha polisi nilitetemeka, maana leseni yangu ilikwisha zamani. Askari akasimama wima, akapiga saluti, akatuashiria tupite. Nikajiambia, Tom, sifa zako zimekutangulia.

Pale Akala palikuwa na soko. Sijazima hata injini, akina mama wakatujia wakipiga nduru. Wakalia! Hotuba sijaanza! Pesa zikaingia tunduni mfululizo, wengine wakizifunga kwenye leso. Bibi kizee mmoja, anaitwa Aoko, akajitupa juu ya boneti, akaungua kidogo, akaendelea kulia hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa gari nikipunga mkono na kutabasamu kwa watu wote. Aoko akanikemea. Akasema kijana gani huyu asiye na haya, anacheka mchana kweupe. Nilishangaa sana.

Kule Ndori ndipo nilipoelewa. Bwana mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza mazishi ni lini.

Yawa! Jasho likanitoka mpaka kwenye viatu. Nikalitazama gari kama vile si langu. Taa, matawi, kitambaa chekundu, tarumbeta, na lile sanduku juu. Mimi, mtu wa ziwa hili, niliyesindikiza maiti tangu utotoni! Mzee Yahya akasema yeye aliuliza tangu Kisumu.

Ningeweza kusema ukweli hapo. Nilikuwa naelekea kuusema. Lakini sanduku lilikuwa limeshakuwa zito. Nikauona ule mguu kwenye msumari, na goti lake linalokunja. Nikanyamaza. Kunyamaza si uongo, hata kanisani tunanyamaza. Yule bwana akauliza marehemu ni nani. Nikashusha pumzi, nikasema shujaa wa Usenge, Obiero. Yote hayo ni kweli! Ni wa Usenge, ni shujaa, ni Obiero. Sikusema amekufa. Nilishusha pumzi tu.

Tumelala hapa Bondo kwa binamu. Mzee ameuliza kwa nini watu wanamtazama na kukimbia. Nimemwambia ni heshima.

Jumatano, 4 Novemba. Usenge

Habari ya kifo haipandi Morris. Ina njia zake, na ilifika Usenge kabla yetu.

Tuliwasikia waombolezaji kabla ya kuwaona. Pwani nzima ilikuwa kimya, omena zimeachwa juu ya nyavu bila mtu, ndege wanajilia. Kilio chote kilikuwa kimehamia nyumbani kwa baba mkwe. Mimi nilitaka kugeuza. Morris haina gia ya nyuma.

Mzee alikuwa amelala tena, blanketi usoni. Vijana wakatuzunguka, wakalishusha sanduku kwa vile vishikio vya shaba, wakalibeba mabegani mpaka uani. Wazee nao wakanizunguka mimi. Kwetu mkwe haji kumzika baba mkwe mikono mitupu, huja na ng'ombe. Wakauliza ng'ombe wangu yuko wapi. Nikasema yuko njiani. Mmoja akachungulia ndani ya Morris, akasema kilichoko ni kuku na blanketi.

Pembeni ya uwanja nikamwona mzee mmoja ameingia shimoni mpaka kifuani, anachimba peke yake, hataki kusaidiwa, machozi yanamtoka. Nikauliza ni nani. Nyagudi! Ndugu wa baba mkwe, tumbo moja. Hao wawili hawajasemezana tangu vita viishe. Baba mkwe alipokuwa Burma, Nyagudi aliuza mtumbwi wa baba yao. Alipoulizwa, akajibu kwamba mtu wa mguu mmoja hahitaji mtumbwi. Kwa neno hilo moja wamezeeka, kila mtu upande wake wa ua. Na leo Nyagudi anamchimbia kaburi.

Wakafungua sanduku. Pesa, leso, na mguu wa mbao umebaki nusu. Watoto wakachungulia. Mtu akauliza, na mwili mwingine wote uko wapi?

Hapo ndipo mlango wa Morris ukafunguka. Baba mkwe akatoka kwa magongo, blanketi mabegani, akauliza kwa sauti kubwa nani amekufa.

Siwezi kueleza vizuri yaliyofuata kwa sababu nilikuwa nakimbia. Watu walipita ukutani. Bwana mmoja mnene aliingia ziwani na viatu. Mama mkwe, Mama Dorca, ndiye peke yake aliyebaki amesimama. Alimtazama mumewe juu mpaka chini, akasema kwamba mzimu wa huyu mtu usingekosa kuuliza chakula. Mzee akauliza chakula. Basi wakajua ni yeye.

Kisha ikaja Peugeot nyeupe. Gordon anaendesha, Benta kando yake. Benta alipata habari sokoni Kibuye. Hakuwa na viatu. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimepotea njiani, sauti imekwisha, analia bila sauti. Alimkuta baba yake amekaa kwenye kigoda anakula samaki, mbuta mzima. Akapiga magoti, akamshika uso kwa mikono miwili, akashika masikio, akashika mabega, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Halafu akageuka kunitafuta mimi.

Wakati huo nilikuwa nakagua matairi, nyuma ya ghala la jirani. Mama Dorca alinipata wa kwanza. Desturi inasema mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Leo desturi hiyo ilivunjwa kwa mwiko wa ugali.

Benta hakunipiga. Hakusema neno. Uso wake ule umenikaa hapa. Nimeletewa ugali, nimeurudisha.

Alhamisi, 5 Novemba. Usenge

Asubuhi kikao. Mambo mawili. La kwanza, pesa. Wengine wanasema ni za udanganyifu, zirudi kwa wenyewe zote. Nikaona mguu ukipaa na kurudi msumarini. Baba mkwe mwenyewe akasema zirudi. Akasema bora kukaa kwenye kile kiti kuliko kutembea kwa machozi ya uongo. Benta akainamisha kichwa. Mimi nikainamisha changu zaidi.

La pili, kaburi. Shimo likishachimbwa hapa kwetu halifukiwi tupu, litamwita mtu. Desturi ni kuzika mgomba badala ya mtu. Nyagudi alikuwa ameshaukata mgomba, ameusimamia kando ya shimo, macho mekundu, hamtazami kaka yake.

Ndipo baba mkwe akaomba aletewe sanduku. Akautoa ule mguu ulioliwa na mchwa, akaupapasa vumbi. Akasema wauweke mgomba pembeni. Akasema mguu wake wenyewe ulibaki Burma, chini ya miti ambayo hakujua hata jina lake. Hakuna aliyeulilia. Hakuna aliyepika. Miaka yote hii kuna kipande cha Obiero hakijazikwa, na huu wa mbao ndio uliokishikia nafasi. Uzikwe huu, na ule wa kule ujue umefika nyumbani.

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema hilo ni sawa kabisa. Mwingine akasema, kama ni hivyo, basi msiba ulikuwepo, na pesa ni za matanga ya kweli. Nilitaka kupiga makofi. Mzee Yahya akanikanyaga.

Tukauzika mguu. Mazishi kamili. Mchungaji aliomba kwa ufupi, hakuwa na sala ya mguu. Mzee Yahya akapiga tarumbeta, na safari hii hakuna aliyekosea maana yake. Kisha wakauliza nani atamsemea marehemu. Nikajitayarisha, hotuba ya Sondu nilikuwa nayo mfukoni.

Nyagudi akatangulia. Akasimama kwenye ukingo wa lile shimo alilolichimba mwenyewe. Akasema anaujua ule mguu wa Burma. Walipokuwa watoto alizama pale karibu na mawe, na mguu huo ndio ulionyooshwa majini kwake, akaudaka kwenye kisigino, akavutwa mpaka nchi kavu. Akasema aliokolewa na mguu huo, kisha mwenyewe aliporudi bila huo, akamcheka. Akasema, kaka yangu, nilikosa.

Baba mkwe akamwendea kwa magongo yake. Akamwambia amechimba vizuri, kaburi limenyooka. Halafu akasema atakapokuja kufa kweli, asiruhusu mtu mwingine achimbe. Wakashikana pale, wazee wawili, wakalia kama watoto. Nililia na mimi. Naandika wazi, nililia sana. Hotuba nikapengea kamasi.

Mama Dorca amenipa kipande cha nyama kwa mkono wa mtu mwingine. Ni hatua.

Ijumaa, 6 Novemba

Tumerudi. Morris ilikataa kuwaka, kwa hiyo imevutwa kwa kamba na Peugeot ya Gordon kutoka Usenge mpaka Kisumu. Nyuma ya Gordon! Njia nzima natazama buti lake lililong'arishwa.

Nilishauri tupitie masoko haraka, vichwa chini. Baba mkwe akakataa. Kila mahali tulipochukua chozi la mtu alishuka, akasimama kwa magongo, akasema yeye ndiye yule marehemu, na kilichozikwa ni mguu, na anayetaka pesa yake aje aichukue. Watu wa Ndori walicheka mpaka wakakaa chini. Askari wa kizuizini akadai saluti yake. Wachache walichukua zao, nao walistahili. Pale Akala, bibi Aoko akaja na mkono wake umefungwa jani pale alipoungua. Akambinya mzee shavu kwa nguvu. Akasema alilia kilio kizuri sana na hakirudishwi, kikae akiba. Kisha akaongeza mayai. Akanibinya na mimi, ila si shavuni.

Jioni karakana ilikuwa inafungwa. Fundi alikuwa ameshachora mstari wa chaki kwenye mguu, pa kukata. Benta akaweka pesa mezani, yeye ndiye mweka hazina. Fundi akaufuta mstari kwa kiganja. Baba mkwe akavaa, akasimama, akakunja goti, akakunjua, akakunja tena. Akatoka nje akazunguka jengo zima peke yake. Tulimsikia anahesabu kwa sauti kama jeshini, kushoto, kulia, kushoto, kulia.

Benta bado hasemi na mimi.

Jumapili, 8 Novemba

Gwaride. Niliwahi mapema nipate mahali pa kuonekana. Viti vyote mbele vimejaa wakubwa. Kimoja tu kilikuwa kitupu, kina karatasi imeandikwa OBIERO. Kiti kile kile! Mwenyewe hakihitaji tena. Nikakaa. Ni mali ya familia.

Mama mmoja wa kamati akaniletea chai, akaniuliza kwa upole niliumia wapi. Nikamwambia Usenge, mgongoni. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaniongezea mkate. Siagi pande zote.

Wakapita. Wazee wenye kofia zilizofifia, medali zinagongana. Mzee Yahya mbele na tarumbeta, mashavu yamevimba. Halafu baba mkwe. Amenyooka! Kushoto, kulia. Goti linakunja. Kando yake kwenye kamba ya watazamaji, mzee mwingine anatembea sambamba naye, anaenda anavyokwenda yeye, anahesabu midomo inacheza. Nyagudi, amekuja na basi la alfajiri.

Alipofika mbele ya kiti chake akakitazama, akaniona, mkate mdomoni. Nikajua nimekwisha. Akapiga saluti. Kwangu! Si kwa wakubwa. Nikasimama, chai ikamwagika mapajani, sikusikia moto hata kidogo. Nikapiga saluti kwa mkono wenye mkate.

Mkono ukanishika begani. Benta. Akasema nimefanya ujinga usiosameheka, na ameusamehe, na niketi, watu wanatazama. Akaniacha nilie. Kisha mwenye kipaza sauti akamshukuru Bwana Gordon kwa usafiri.

Usafiri!

Jumatatu, 9 Novemba

Nimeamka na akili nyepesi. Nimejiahidi kuacha mambo haya. Nimemwahidi Benta pia, mkono juu ya Biblia, kabla ya chai. Mzee anarudi Usenge leo na Nyagudi, wanazungumzia kununua mtumbwi, tayari wanagombana rangi yake. Kuku mweupe ameangua, vifaranga wote wazima, mmoja amempa Mzee Yahya heshima kubwa kwa kulala ndani ya tarumbeta.

Nilikwenda kulichukua tarumbeta kule nyuma nimrudishie. Alikuwa amekaa mlangoni kwetu anakunywa chai, jicho lake moja linatazama jua. Nikamtazama upande ule mwingine. Nikakaa chini polepole.

Jicho la Mzee Yahya nalo lilibaki Burma. Nalo halijazikwa! Hakuna aliyelililia. Na daktari wa macho pale mjini ana macho ya kioo dirishani, mazuri, ya kahawia. Kaloleni wote wangekuja, na Waislamu ni watu wa kutoa. Safari hii hakuna udanganyifu, kila kitu wazi, hakuna kushusha pumzi. Matawi tu, na taa.

Nimemweleza. Amesema atanizika mimi kwanza, tena bila tarumbeta. Nimechukulia kwamba bado anafikiri.

Benta yuko sokoni mpaka jioni. Nimeshapita kwa Opiyo. Anasema sanduku dogo litakuwa tayari Alhamisi.